Mofini Hugonga kwa Nje: Kwa Wanaowauguza Wenye Maumivu Makali

Hotuba hii niliitoa kwa walezi wa wagonjwa na wahudumu wa afya ya jamii katika ukumbi mmoja wa Eastlands, Nairobi. Nimeiandika kwa ajili ya waliokosa nafasi siku ile, na kwa walioomba kuisoma tena taratibu nyumbani.

Kina mama, kina baba, na ninyi vijana mnaowauguza wazazi wenu, hamjambo? Asanteni kwa kufika. Najua kila aliyeketi hapa kuna mtu amemwacha nyumbani na jirani, au na mtoto aliyetoka shuleni, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililotuleta.

Mimi ni muuguzi wa huduma shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, awe anatarajiwa kupona au la. Wagonjwa wangu ni wale ambao Panadol na Brufen zimewashindwa. Wana saratani ya umio, ya titi, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume iliyokwisha kuingia mifupani. Wengine ni watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, siku damu inapoziba kwenye mishipa midogo. Wengine wameungua.

Nimeombwa niwafundishe jinsi ya kumpa mgonjwa mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, nyumbani. Ningeweza kuwasomea maagizo, mkaandika, tukaomba dua, tukaenda zetu. Sitaki kufanya hivyo, kwa sababu agizo lisilo na sababu halikai kichwani. Mlezi akiambiwa ampe mgonjwa dawa kila baada ya saa 4 na asielezwe kwa nini, atafuata siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu mgonjwa akionekana ana nafuu ataruka dozi, na usiku huo nyumba nzima haitalala. Nimeingia katika nyumba hizo asubuhi yake. Naamini mtu anayeweza kuamka saa 10 usiku kumgeuza mgonjwa upande anaweza vilevile kuelewa dawa inafanya nini ndani ya mwili wa huyo mgonjwa. Basi tuanze na seli. Maagizo yatakuja yenyewe.

Mofini inatoka kwenye mmea wa popi. Tunda lake bichi likikwaruzwa hutoa utomvu mweupe, na utomvu huo ukikauka ndio afyuni. Watu wameitumia afyuni tangu kale kutuliza maumivu na kuleta usingizi, ila hakuna aliyekuwa na hakika ya nguvu yake: donge la leo lingeweza kuwa jepesi na la kesho likaua. Mwanzoni mwa karne ya 19 Friedrich Sertürner, kijana aliyekuwa msaidizi wa duka la dawa katika mji wa Paderborn, Ujerumani, aliitenga kemikali yenyewe kutoka kwenye afyuni na kuipa jina la mungu wa ndoto wa Wagiriki. Ilikuwa alkaloidi ya kwanza kutengwa kutoka kwenye mmea. Alkaloidi ni kemikali zenye nitrojeni ambazo mimea hujitengenezea, nyingi zikiwa chungu na nyingi zikiusaidia mmea usiliwe. Mnazijua nyingine bila kujua kwamba mnazijua: kafeini iliyomo kwenye chai na kahawa, kwinini iliyotibu malaria miaka yote ile, kathinoni inayomweka macho mtafuna miraa. Kutengwa kwa mofini kulileta jambo moja ambalo kazi yangu yote imesimama juu yake. Sasa dawa iliweza kupimwa kwa miligramu.

Twende kwenye maumivu yenyewe. Mchukueni mama mwenye uvimbe uliofika kwenye mfupa wa nyonga. Uvimbe na mfupa uliojeruhiwa hutoa kemikali zinazosisimua ncha za neva zilizo hapo karibu. Neva inapeleka umeme mdogo sana mpaka kwenye uti wa mgongo, na hapo neva hiyo ya kwanza inafika mwisho wake. Neva ya pili, ile ya kupanda hadi ubongoni, iko mbele yake, lakini kati yao kuna pengo dogo mno ambalo umeme hauruki. Ili ujumbe uvuke, ioni za kalsiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, lazima ziingie kwenye ncha ya neva ya kwanza. Zikiingia, vifuko vidogo vilivyomo kwenye ncha hiyo vinamwaga kemikali kwenye pengo, hasa glutamati na ile iitwayo dutu P. Kemikali zinavuka, zinaisisimua neva ya pili, nayo inaupeleka ujumbe juu. Ukishafika ubongoni ndipo mama anapolia.

Lishikeni pengo hilo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya mofini inafanyika pale.

Kwenye utando wa neva zote mbili, ya kwanza na ya pili, kuna protini zinazoitwa vipokezi. Kile kinachohusika na mofini kinaitwa kipokezi cha mu. Ni protini ndefu iliyojikunjakunja ikapita kwenye utando wa seli mara 7, ikitokeza nje na ikitokeza ndani. Mofini inapoletwa na damu hujishikiza kwenye kipokezi hicho kwa upande wa nje. Ndani ya neva haihitaji kuingia hata kidogo. Nyote mmepanda matatu. Abiria akishashuka, makanga anagonga bodi mara mbili, na dereva anaondoa gari ingawa hakumwona aliyeshuka wala mkono uliogonga. Mofini ni ule mkono. Gari, injini na dereva ni vya mgonjwa mwenyewe, amezaliwa navyo.

Sasa tazameni dereva anafanya nini. Kipokezi kikishashikwa kinabadili umbo lake kidogo. Kwa upande wa ndani kimeegemewa na protini nyingine iitwayo protini ya G. Waliogundua protini hizo, Alfred Gilman na Martin Rodbell wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1994. Umbo la kipokezi likibadilika, protini ya G inagawanyika vipande viwili. Kipande cha kwanza, kikiwa kwenye ncha ya neva ya kwanza, kinakwenda kwenye milango ya kalsiamu na kuizuia isifunguke. Kalsiamu isipoingia, vifuko havimwagi kitu, na kwenye pengo hapavuki chochote. Kwenye neva ya pili kipande kama hicho kinafungua milango ya potasiamu. Potasiamu inatoka nje, na neva inakuwa ngumu kusisimka hata ikifikiwa na kemikali kidogo zilizoponyoka. Kipande cha pili cha protini ya G kinakwenda kukandamiza kimeng'enya kinachoitwa adenili saiklesi. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kutengeneza AMP ya mviringo, molekuli ndogo inayosambaza amri ndani ya seli. AMP hiyo ikipungua, seli inatulia.

Mofini hufanya kazi juu zaidi pia, ubongoni, mahali ambapo amri za kupunguza maumivu huanzia kushuka kwenye uti wa mgongo, na mahali ambapo mtu huamua maumivu yamsumbue kiasi gani. Ndiyo maana mgonjwa wako anaweza kukuambia, "Bado nayasikia kwa mbali, lakini hayanisumbui." Mwamini. Hajachanganyikiwa.

Mmeona basi kwamba katika yote hayo uvimbe haujaguswa. Mofini imeukatiza ujumbe na ugonjwa umebaki ulipokuwa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kwa kuwa baba sasa analala vizuri, miadi ya mionzi inaweza kungoja. Miadi ni miadi.

Kuna swali lililonishika tangu nikiwa chuoni, nami nataka mlisikie kwa sababu limeniondolea woga wa dawa hii kuliko kitu kingine chochote. Kwa nini mwili wa binadamu uwe na kipokezi cha utomvu wa mmea unaoota nchi za mbali? Mwaka 1973 maabara za Baltimore na New York huko Marekani, na ya Uppsala huko Uswidi, zilionyesha kwamba vipokezi hivyo vipo kweli ubongoni. Huko Baltimore walikuwa Candace Pert na Solomon Snyder. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakifanya kazi Aberdeen huko Uskoti na ubongo wa nguruwe, walipata jibu la swali lenyewe. Ubongo hujitengenezea kemikali zake za kujishikiza kwenye vipokezi hivyo. Walizozipata wao ziliitwa enkefalini, na baadaye zikapatikana endofini. Njia hiyo ya kutuliza maumivu ni yetu tangu tumboni. Mofini imeingia kwenye njia iliyokuwepo, ikiwa na umbo linalofanana vya kutosha na la wenye njia.

Na hapa pana jambo ninalowaomba mlishike kuliko mengine yote ya leo. Mwaka 1996 watafiti wa Strasbourg, Ufaransa, walichapisha kazi yao juu ya panya waliozalishwa wakiwa hawana kabisa kipokezi cha mu. Panya hao walipopewa mofini, maumivu hayakutulia. Hawakuonyesha pia hamu ya kuirudia, na ilipokatwa hawakupata arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea dawa ikikatwa ghafla. Kipokezi kimoja kilipoondolewa, nafuu na balaa viliondoka pamoja. Maana yake ni kwamba hatuwezi kuichuja mofini tukabaki na uzuri wake peke yake. Mkono ni ule ule na bodi ni ile ile. Kinachotenganisha nafuu na hatari ni kipimo, saa, na mtu anayepewa. Vitu hivyo vitatu viko mikononi mwenu ninyi mnaokaa na mgonjwa usiku na mchana. Mimi namwona mara moja kwa wiki.

Nianze na saa, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Mofini ya maji ikimezwa hupita kwanza kwenye ini, na ini huiharibu sehemu kubwa kabla haijafika kwenye damu inayozunguka mwilini. Kinachofika ni kama theluthi moja. Hii ndiyo sababu dozi ya sindano huwa ndogo kuliko ya mdomo. Msidhani hospitalini walimpunja, na msidhani nyumbani tunamzidishia. Iliyofika kwenye damu nayo haikai. Kila baada ya saa 2 au 3 nusu yake imeondolewa. Mofini haing'ang'anii kwenye kipokezi: hushika, huachia, hushika tena, mradi ipo ya kutosha kwenye damu. Ikipungua, vipokezi vinabaki vitupu, milango ya kalsiamu inafunguka, na ujumbe unavuka pengo kama zamani. Nafuu ya dozi moja ya mofini ya maji hudumu kama saa 4.

Kwa hiyo tunatoa dozi saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Ile ya saa 4 usiku daktari wengi huiandika maradufu ili mgonjwa na mlezi walale mpaka alfajiri. Dozi inatolewa hata kama mgonjwa hana maumivu saa hiyo. Hana maumivu kwa sababu dozi iliyopita bado ipo, na kazi ya dozi mpya ni kufika kabla ya hiyo kuisha. Akiwa amelala usingizi wa kawaida saa 8 mchana, mwamshe taratibu, anywe, arudi kulala. Maumivu yakimjia katikati ya saa hizo, ipo dozi ya ziada iliyoandikwa na daktari. Mpe, kisha uandike kwenye daftari saa na kiasi. Daftari hilo ndilo linalotuonyesha kama dozi ya kawaida inatosha au iongezwe.

Kulikuwa na kijana mmoja wa Dandora aliyekuwa akimuuguza baba yake mwenye saratani ya umio. Kijana mwema, anayemheshimu mzazi wake. Alikuwa akingoja mpaka mzee agune ndipo achukue chupa. Nilipomuuliza alisema, "Sista, sitaki azoee. Na baba ni mwanamume, huvumilia." Mzee alikuwa anavumilia kweli, ameuma blanketi. Dozi aliyopewa wakati huo ilihitaji nusu saa au zaidi kuanza kazi, na ilikuta neva zimekwisha kuwaka. Nanyi mjue hili pia: neva ya pili ikisisimuliwa mfululizo kwa muda mrefu, inakuwa nyepesi zaidi kusisimka. Dozi ambayo ingetosha asubuhi haitoshi tena jioni. Kwa hiyo kusubiri, ambako kijana alidhani kunaokoa dawa, ndiko kulikokuwa kunaila. Tuliketi naye tukaweka kengele tano kwenye simu yake. Nilipopita tena, mzee alikuwa ameomba redio isogezwe karibu na kitanda.

Mengine niyapitie upesi. Siku za mwanzo mgonjwa atasinzia sana, pengine kwa sababu ya dawa na pengine kwa sababu ana madeni ya usingizi ya wiki nyingi. Anaweza kuhisi kichefuchefu, na ipo dawa yake. Hayo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache mwili unapozoea. Choo hakizoei. Neva za kwenye kuta za utumbo zina vipokezi hivyo hivyo, mofini inazigonga vilevile, na utumbo unapunguza mwendo siku zote mgonjwa atakazotumia dawa. Kila anayeanza mofini aanze na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, bisakodili au nyingine atakayoandikiwa. Usingoje siku nne zipite. Wapo wagonjwa wanaoacha mofini na kurudi kwenye maumivu kwa sababu tu ya choo, na hilo linaweza kuzuilika kwa dawa ya bei nafuu kabisa.

Kwenye shina la ubongo, zile seli zinazopanga mapigo ya kupumua nazo zina kipokezi cha mu. Hii ndiyo hatari kubwa ya mofini ikizidishwa. Anayeanza tunampa kidogo, mara nyingi miligramu 5 kwa mtu mzima, na 2.5 kwa mzee aliyedhoofika, kisha tunapanda hatua kwa hatua tukimtazama. Mtu asiongeze dozi kwa hesabu zake. Mboni za macho zikiwa ndogo tu, usishtuke, ndivyo dawa ilivyo. Shtuka ukimwita haamki, ukimtikisa haamki, na pumzi zake zimekuwa chache, chini ya 8 kwa dakika. Hapo dozi haitolewi, na safari ya hospitali ni sasa hivi. Huko kuna naloksoni, dawa inayokikalia kipokezi cha mu na kuiondoa mofini bila yenyewe kugonga.

Na mtazame mkojo. Ini huigeuza mofini kuwa vitu vingine, na kimoja kati ya hivyo kina nguvu ya kutuliza maumivu kama mofini yenyewe. Vitu hivyo hutoka kwa figo. Figo zikilegea, vinajikusanya, na dozi iliyokuwa salama wiki iliyopita inakuwa kubwa mno bila mtu kuiongeza. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi yuko hatarini zaidi, kwa sababu uvimbe unaweza kuibana mirija ya mkojo. Mkojo ukipungua, au mgonjwa akianza kurukaruka misuli na kuweweseka, tupigie simu kabla ya dozi inayofuata.

Sasa niliseme lile ambalo najua wengi mmekuja nalo moyoni. Mmewaona vijana walioharibiwa na unga. Heroini hutengenezwa kutokana na mofini, na mwilini hurudi kuwa mofini. Woga wenu una msingi, na sitaukebehi. Lakini tutenganishe mambo mawili ambayo mtaani huitwa kwa jina moja.

La kwanza ni mwili kuzoea. Seli iliyokandamizwa adenili saiklesi yake kwa wiki nyingi hujitahidi kurudisha usawa, inaongeza nguvu ya kimeng'enya hicho. Ukiikata mofini ghafla, mkandamizo unaondoka huku nguvu ya ziada ikiwa bado ipo, na AMP ya mviringo inafurika. Ndiyo arosto: jasho, makamasi, miayo, tumbo kuendesha, ngozi kusisimka, mwili kukosa utulivu. Itampata askofu, itampata bibi yako wa miaka 80, itampata mtoto. Ni hesabu ya seli, haina uhusiano na tabia ya mtu. Kwa sababu hiyo mofini hupunguzwa polepole, haikatwi siku moja, na chupa isiachwe iishe Ijumaa jioni huku kliniki ikifunguliwa Jumatatu.

La pili ni uraibu, yaani mtu kuisaka dawa na kuitumia hata inapomvunjia maisha. Uraibu unaweza kutokea kwa mofini, na aliyewahi kuwa mraibu au mwenye mraibu nyumbani lazima atuambie ili tupange ulinzi. Ila kwa mgonjwa mwenye maumivu makali ya saratani, anayepewa dozi aliyopimiwa kwa saa zake na kufuatiliwa, nafasi ya kugeuka mraibu ni ndogo. Nafasi ya kuteseka bila dawa ni kubwa, nami huiona kila wiki.

"Sista, hiyo si ile dawa ya kumalizia watu?" Swali hilo nimeulizwa Kayole, nimeulizwa Umoja, nimeulizwa na watu wenye shahada. Nadhani sisi watumishi wa afya ndio tuliolizaa. Tunaificha mofini mpaka mgonjwa awe amebakiza siku tatu, ndipo tunaitoa. Majirani wanaona chupa Jumatatu na jeneza Alhamisi. Wafikiri nini? Mofini hutolewa kulingana na maumivu, haihesabu siku zilizobaki. Mtoto wa selimundu huipata wakati wa shambulio, likaisha, akarudi darasani. Aliyeungua huipata anaposafishwa vidonda, akapona, akaenda kazini. Na kwa yule ambaye kweli yuko mwishoni, dozi iliyopimwa vizuri haimharakishi. Inamwezesha kuzungumza na watoto wake.

Mofini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza, mwaka 1977. Poda yake ni ya bei nafuu. Huchanganywa na maji na kihifadhi, ikawa dawa. Hata hivyo tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini kabisa zilipata tani 0.1. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unaodhibiti dawa hizi unasema wazi kwamba ni za lazima kwa kutuliza maumivu na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana. Sehemu ya kudhibiti imeshikwa kwa mikono miwili. Sehemu ya kupatikana imeachwa. Hilo linanikasirisha, na ningependa liwakasirishe nanyi. Majirani zetu Waganda, tangu daktari Anne Merriman alipoanzisha hospisi, yaani kituo cha huduma shufaa, Kampala mwaka 1993, wamejenga utaratibu wa mofini ya maji na kuwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Hapa kwetu Nairobi Hospice ipo tangu mwaka 1990, na hospitali kadhaa za umma zina vitengo vya huduma shufaa. Mkifika hospitali mkaambiwa hakuna mofini, msigeuke kimya kimya. Ulizeni itakuja lini, ulizeni kitengo kilicho karibu ni kipi, na mtajie daktari kwamba mgonjwa hajalala.

Tumalizie na chupa. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Chupa moja inaweza kuwa na miligramu 1 kwa kila mililita, nyingine ikawa na miligramu 10 kwa kila mililita, na zote zikafanana machoni. Mgonjwa wa miligramu 5 atahitaji mililita 5 za chupa ya kwanza, na nusu mililita tu za ile ya pili. Ukikosea chupa, ukapima mililita 5 za ile ya pili, umempa mara kumi. Kila ukipewa chupa mpya soma karatasi yake mwenyewe kabla hujaondoka dirishani, na kama hujaelewa, muulize mfamasia akuonyeshe kwa sirinji mstari utakaofikia. Usitumie kijiko cha chai, vijiko havilingani. Nyumbani chupa ikae mahali pa kufungwa kwa ufunguo, mbali na watoto na wageni. Mgonjwa akiwa hayupo tena au dawa ikibadilishwa, iliyobaki irudishwe hospitalini. Usimpe jirani hata kama anaumwa sana, kwa sababu yote niliyoyasema kuhusu figo na kipimo hayajapimwa kwake.

Kwenye meza ya mbele kuna sirinji na chupa zenye maji ya rangi, za nguvu mbili tofauti. Njooni kwa mistari, wa nyuma waanze. Kila mmoja asome karatasi kwa sauti, kisha anipimie miligramu 5 kutoka kila chupa. Anayekosea tutarudia naye mpaka apate.